Mpiga Ngoma wa Mkono wa Kushoto

Radhiya wa Wiyoni alikuwa na sauti ndogo. Hata alipouza kaimati barazani pake, alasiri, hakunadi. Alifunua sufuria tu, harufu ya iliki ikapita vichochoroni ikimwitia wateja. Alizaliwa Faza, akaolewa Wiyoni katika mji wa Amu, yaani Lamu, angali msichana, akafiwa na mumewe mapema, akabaki na mtoto mmoja wa kiume, Fadhil, na ndugu mmoja, Idris, mwenye boti ya kuvusha watu baina ya Amu na Manda. Akicheka aliziba mdomo kwa ncha ya leso. Akikasirika, majirani walijua kwa sababu alikuwa kimya zaidi.

Kelele za nyumba ile zilikuwa za Fadhil. Tangu akiwa mgongoni mwa mamake alipiga kila alichofikia: madebe, milango, sinia, mabega ya mamake mwenyewe. Alipokua akawa mpiga ngoma wa arusi, wa mkono wa kushoto, na kila ngoma ilipomkolea alitoa ncha ya ulimi pembeni mwa mdomo kama mtoto anayejifunza kuandika. Wenzake wakimcheka. "Fadhil, ulimi huo utauuma siku moja ubaki bubu!" Naye hujibu kwa kugonga ngoma mara moja, pa, kana kwamba amemzaba mtu kofi.

Riziki yake ilikuwa baharini. Aliendesha boti ndogo ya abiria, Amu hadi Faza na kurudi. Huko Faza ndiko alikomwona Hayat, binti wa Abdulwahid, akamwoa, akamleta Wiyoni chini ya paa la mamake. Wanawake hao wawili, mama mkwe na mke, wakapatana kuliko ilivyotarajiwa na majirani, ambao walikuwa wamekaa tayari kusikiliza ugomvi.

Kisha ikaja siku Fadhil aliposhusha abiria Faza, akaigeuza boti kurudi peke yake, asifike. Boti ilionekana kesho yake imepinduka, imejibana katika mikoko. Wavuvi walipiga mbizi, vijana walipekua fukwe zote hadi Kiwayu. Hawakupata mwili, wala shati, wala kiatu.

Walipokuja kumpa habari, Radhiya alifungua mdomo apige ukelele, na Idris akauziba kwa kiganja. "Dada, wamlilia mtu hai? Ngoja kwanza, ngoja." Yalikuwa maneno ya mtu asiyejua la kusema. Lakini Radhiya aliyashika kama amri. Kulia kungekuwa kukubali, basi hakulia. Hakulia siku ile, wala mwezi ule, wala mwaka ule. Watu walipotaka kumswalia Fadhil swala ya ghaibu, isiyohitaji mwili, aliwatumia neno kwamba mwanawe yu safarini. Walipotaka kumsomea hitima, aliwauliza kama wana haraka ya kula pilau.

Na habari hazikukosa kuja, maana mama anayengoja huletewa habari na kila mtu. Mmoja alisikia kwamba kijana anayefanana naye anapakia mizigo Mombasa. Mwingine alisema ameonekana Malindi, amepoteza fahamu, hajui hata jina lake. Radhiya alizipokea zote akaziweka kifuani, moja juu ya nyingine, kama nguo za mtoto ambaye bado hajazaliwa.

Aliyeumia ni Hayat. Miaka ilipita juu yake akiwa hana jina la kujiita.

"Mimi si mke, si mjane, Mama," alimwambia Radhiya siku moja wakiosha mchele. "Nikipaka wanja nasemwa, nisipopaka nasemwa. Nikienda arusini wauliza nimefuata nini. Nikikaa ndani wasema nina kiburi."

"Waache waseme. Mumeo akiya watanyamaza."

"Na asipokuya?"

Radhiya aliendelea kuosha mchele uleule, hata maji yakawa meupe, hata yakawa safi, na bado akaosha.

Miaka minne ya kungoja ilipotimia, Abdulwahid alimpeleka bintiye kwa kadhi. Kulikuwa na mwalimu mmoja wa Faza, mtu mpole, aliyekuwa ameulizia posa kwa adabu. Kadhi akasikiliza, akasema kwamba muda umetosha, lakini anataka kusikia kutoka kwa watu wa mume. Je, tangu siku ile imekuja habari yoyote ya kuaminika? Zaidi ya wote alitaka kumsikia mama. Radhiya akisema hakuna, kadhi atahukumu kwamba Fadhil amefariki, Hayat atakaa eda, na baada yake atakuwa huru. Radhiya akisema habari ipo, basi itabidi ifuatwe kwanza, na Hayat angoje tena, Mungu ajuaye mpaka lini.

Radhiya alilijua hilo. Alijua pia kwamba neno lile moja lingewaondoa wote wawili: mwana aende kaburini bila kuwa na kaburi, na Hayat aende Faza. Naye abaki na sufuria ya kaimati.

Kesi ilipangwa Jumatatu. Wiki iliyotangulia Idris alikuja na simu yake, anacheka. Hoteli moja ya Manda ilikuwa inaandaa tamasha pwani, na wafanyakazi anaowavusha walikuwa wamemrushia tangazo.

"Dada, tazama vituko vya bara. Bendi nzima haina mwimbaji! Watu wane, magita matatu na ngoma, hakuna asemaye hata neno. Nami nikidhani simu ndiyo mbovu."

Radhiya alitazama kwa adabu tu, kama mtu anavyotazama simu ya nduguye. Vijana wawili na msichana mmoja wenye magita walikuwa wameinamisha vichwa. Nyuma yao, katika moshi wa rangi, alikaa mpiga ngoma. Nywele ndefu zilimfunika uso. Alipiga kwa mkono wa kushoto. Na kamera ilipomsogelea, kwa muda wa kupepesa jicho, ncha ya ulimi ilionekana pembeni mwa mdomo.

Simu ilimponyoka, ikaangukia kwenye unga.

"Rudisha," alisema. "Idris, rudisha hapo nyuma."

Walirudisha mpaka betri ikaisha. Idris alikuwa ameacha kucheka. "Dada, watu wengi wapiga kushoto."

"Na ulimi?"

"Nywele zile, dada? Fadhil hakuwa na nywele zile."

"Nywele huota. Yeye ni mti mkavu?"

Akawa ameshajenga nyumba nzima juu ya jambo lile. Amepoteza fahamu, kama alivyosema yule wa Malindi. Hajui jina lake wala lugha yake, lakini mikono haisahau. Bendi isiyoimba ndiyo pekee ingeweza kumchukua mtu kama huyo. Wanaoimba wangemtaka aitikie. Hawa hawakumtaka kitu ila apige. Radhiya aliyafunga yote hayo vizuri, fundo juu ya fundo, na kila alipolivuta halikufunguka. Kwake yeye wimbo usio na maneno haukuwa wimbo, ulikuwa ni mtu aliyezibwa mdomo. Na ni nani aliyezibwa mdomo kama mwanawe?

Usiku huo Hayat alimsikiliza mpaka mwisho, bila kumkatiza. Kisha akasema, "Tamasha ni Jumamosi?"

"Jumamosi."

"Twende sote. Akiwa ni yeye, wallahi nitapanda juu ya jukwaa nimshike sikio mbele ya wazungu. Na asipokuwa yeye, Mama?"

Radhiya aliinuka akafunga dirisha.

"Asipokuwa yeye, Jumatatu utamwambia kadhi kweli. Ya Mombasa na ya Malindi utayaacha. Niahidi."

"Nakuahidi," alisema Radhiya, kwa wepesi wa mtu anayeahidi jambo ambalo halitatokea.

Jumamosi, baada ya swala ya adhuhuri, Idris aliwavusha. Boti ilijaa vijana. Walivaa miwani myeusi, wanasukumana, wanapiga picha. Mmoja alimtazama Radhiya kwa buibui lake na kikapu chake akashindwa kujizuia.

"Bi Radhiya nawe waenda roki? Leo kaimati nani atakaanga?"

"Kaanga wewe, una mafuta ya kutosha usoni," alijibu Hayat, na boti nzima ikacheka. Radhiya hakusikia. Alikuwa amemfungia Fadhil kaimati ndani ya kikapu, zingali moto, na mikono yake ilishika mshikio wa kikapu kama inayoshika usukani.

Ruhusa ya tamasha ilikuwa mpaka magharibi tu, kwa ajili ya usalama, kwa hiyo walianza jua lingali juu. Jukwaa la mbao lilisimamishwa mchangani, spika nyeusi zimepangwa kila upande kama kabati za tajiri. Langoni alisimama kijana wa bara, mrefu, mwenye fulana ya njano, aliyewafungulia kamba akawaangalia kwa wasiwasi.

"Shikamoo, mama. Mnajua hii si taarabu? Hapa ni kelele tu, mathe."

"Marahaba. Twajua. Mwanangu ndiye apigaye ngoma."

Kijana alifurahi kweli kweli. "Jabez ni wako? Aisee! Mimi Rufus, tumekuja naye kutoka Nairobi. Hajaniambia ana mama huku."

"Hajui," alisema Radhiya.

Rufus alicheka, akidhani ni mzaha, kisha akaona uso wake akaacha. Akatoa mfukoni vipande vidogo vya sponji vya kuzibia masikio. "Basi chukueni hivi. Mkikaa mbele bila hivi mtaumia."

Hayat alivaa vyake. Radhiya alivirudisha. Angezibaje masikio, naye amekuja kusikia mtu akimjibu?

Walisogea mpaka mbele kabisa, upande wa kushoto, karibu na zile spika, maana watu walimpisha mama mwenye buibui wakidhani amepotea. Jukwaa lilikuwa juu sana na yeye ni mfupi. Aliona sahani za shaba, aliona ngoma kubwa iliyolala ubavu, na nyuma ya vyote hivyo nywele. Hakuna aliyesalimia watu. Hakuna aliyetaja jina. Msichana mwenye gita alikanyaga kitu mguuni, na kukatokea mlio mrefu mwembamba kama mlango wa chuma unaofunguliwa polepole.

Kisha dunia ikapigwa.

Radhiya alijua kelele. Alijua arusi, alijua injini, alijua mvua juu ya bati. Hii haikuja kwa njia ya masikio. Ilianza nyayoni, ikapanda na mchanga, ikashika magoti, ikaingia tumboni ikakaa huko kama mwenye nyumba. Buibui lilimtetemekea mwilini na upepo haukuwapo. Meno yaligongana. Ngoma kubwa ilipopigwa moyo wake uliruka, na ilipopigwa tena moyo haukujua tena pigo lipi ni lake na lipi ni la yule kijana. Magita yalikuwa ukuta, na ukuta ulikuwa unatembea kuja kwake. Alitafuta neno la kushikilia, hata moja, kama mtu anavyopapasa kamba gizani, na neno halikuwapo.

Akafumba macho, akaisikiliza ile ngoma tu. Aliichambua kama mtu anayepepeta mchele, magita akiyaacha yapeperuke. Kushoto, kushoto, kulia. Kisha kusita kidogo, kama mtu anayevuta pumzi, halafu mfululizo. Fadhil alisita hivyo. Wallahi alisita hivyohivyo, pale bibi arusi anapotolewa.

"Ndiye!" alimwambia Hayat. Hayat alitazama midomo yake, akatikisa kichwa, hakusikia.

Radhiya akainua uso kuelekea jukwaani akaita. "Fadhil!"

Hakusikia sauti yake. Alihisi koo likikwaruza, alihisi pumzi ikitoka, lakini sauti haikuwapo, kama vile ameitupa kisimani. Mwanamke ambaye maisha yake yote hakuwahi kupaza sauti akapaza. "Fadhil! Fadhil mwanangu! Ni mimi, ni mamako!" Akaweka kikapu chini, akashika ukingo wa jukwaa, mbao zikimtetemesha mpaka mabegani. "Nitazame! Ndoo kwangu, mwanangu, twende!" Akaita mpaka akaonja damu. Wapigaji waliinamisha vichwa, kila mmoja ametekwa na mikono yake.

Muziki ukapanda. Radhiya hakudhani kwamba ungeweza kupanda zaidi, lakini ulipanda, na mpiga ngoma akawa anapiga kila kitu kwa pamoja, na mwishoni, ulimi ungali pembeni, akarusha kichwa nyuma. Nywele zikamwachia uso. Jua la alasiri lilikuwa linampiga sawasawa.

Alikuwa kijana mdogo, hata Fadhil wa siku ile ya boti alikuwa mkubwa kwake. Ana pua pana na ndevu chache za kuhesabika, na pengo mbele. Anatabasamu. Uso mzuri, uliojaa jasho na furaha.

Alikuwa mtoto wa mtu mwingine.

Radhiya alimtazama kwa muda, kwa sababu macho yalikataa kutoka. Alimtazama akifikiri kwamba mahali fulani huko bara kuna mwanamke anayejua usiku wa leo mwanawe atalala wapi. Kisha lile fundo lililokuwa halifunguki likafunguka lenyewe, na ndani yake hamkuwa na kitu. Si Manda. Si Malindi, si Mombasa. Boti ilikuwa imepinduka kwenye mikoko na mwanawe alikuwa ndani ya maji, tangu siku ile, wakati yeye anapima unga.

Akalia.

Kilikuwa kile kilio kilichozibwa kwa kiganja cha Idris, nacho kilikuwa kimekua humo ndani. Kilitoka bila umbo la kilio cha watu, mdomo wazi, kichwa nyuma, mikono miwili kichwani. Sheria zote za msiba alizofunzwa tangu utoto, kwamba usipaze sauti, usijipige, usimtese maiti kwa makelele yako, zilimtoka. Hakuna aliyemwambia nyamaza. Hakuna aliyesikia. Ile kelele ilimbeba kama maji yanavyobeba, na ndani yake angeweza kulia vyovyote atakavyo. Alimlilia Fadhil aliyepiga sinia, alimlilia Fadhil aliyepiga mabega yake. Alimwita kwa majina ya utotoni ambayo hata Hayat hakuyajua. Alimwomba radhi kwa kumngoja badala ya kumwombea. Hayat alikuwa amemkumbatia kiunoni, uso wake umezama mgongoni mwa mkwewe, na mwili wake nao ulikuwa unatikisika.

Na ghafla bendi ikakata.

Ilikata yote kwa pamoja, kama wanavyofanya, na katika kimya kile kikatoka kilio cha Radhiya peke yake, kirefu, wazi, hadi nyuma kabisa walikosimama wauza soda. Watu wakageuka. Waliona mwanamke wa buibui, mikono juu, amepiga ukelele uliozishinda hata spika. Kijana mmoja akapiga mbinja. "Mathe ameweza!" Wakamshangilia. Wazungu wakapiga makofi, watu wakainua simu, watoto wa Amu waliokuja naye katika boti wakaruka wakiitikia kwa ukelele wao. Jabez alisimama nyuma ya ngoma zake, akamnyooshea kijiti kwa heshima na kumwinamia, akicheka kwa pengo lake.

Rufus peke yake alikuwa amemwona akilia tangu kabla ya kimya kile. Alikuja mbio akipasua watu. "Mama," alisema, "mama, pole," bila kujua pole ya nini, akawatengenezea njia kwa mabega yake. Nyuma yao wimbo mwingine ulianza. Kikapu kilibaki mchangani, na katika ruka ruka ya watu kaimati zilikanyagwa.

Botini Idris aliuliza, "Vipi?" Radhiya aliona midomo yake ikienda. Kichwani mwake mlikuwa na mlio mmoja mwembamba, wa chuma, usiokoma. Idris akamtazama Hayat, Hayat akatikisa kichwa, na Idris akashughulika na injini kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji. Katikati ya mkondo alizima, boti ikaelea.

"Mimi ndimi niliyemziba mdomo," alimwambia Hayat. "Siku ile. Nilidhani tutampata hata jua halijatua."

"Najua, mjomba."

"Mwambie."

"Mwambie mwenyewe akisikia."

Jumatatu walikwenda kwa kadhi. Mlio ulikuwa umepungua sikio la kulia. La kushoto, lililokuwa upande wa spika, lilibaki limefunga. Na sauti haikurudi. Alipojaribu kuzungumza ilitoka pumzi ya kukwaruza tu, kama karatasi inayoburutwa. Usiku wa kuamkia siku hiyo hakulala. Shetani alikuja kwa sura ya huruma, akamwonyesha njia: huna sauti, basi kaa kimya, utaambiwa urudi ukipona. Mwezi mmoja. Miwili. Hayat ataendelea kukuoshea mchele. Na ahadi? Ahadi hukuivunja, umeugua tu. Alilitazama wazo hilo mpaka alfajiri, na hata alipofunga mlango kwenda mahakamani alikuwa bado hajalitupa.

Kadhi alikuwa mtu wa sauti ya taratibu, jambo ambalo siku ile halikumsaidia Radhiya. Aliuliza mara moja, akauliza tena. Idris akainama kwenye sikio la kulia la dada yake akalikariri swali: tangu Fadhil alipopotea, imemfikia habari yoyote ambayo anaiamini?

Radhiya aligusa koo lake, akatikisa mkono kuonyesha kwamba hawezi.

"Kama ni mgonjwa twaweza kuahirisha," alisema kadhi. "Hakuna dhara. Apone kwanza."

Hilo alilisikia. Liliingia lote, wazi, kama vile lilikuwa limengojwa. Abdulwahid alikohoa nyuma kwenye viti. Radhiya akageuka kumtafuta Hayat. Hayat hakuwa anamtazama. Alikuwa anatazama mikono yake mwenyewe, mapajani, mikono isiyo na hina, na usoni mwake hamkuwa na hasira wala ombi. Alikuwa amekaa kama watu wanavyokaa wakiwa wamezoea kungoja, kiasi kwamba mtu angeweza kupita akadhani ni sehemu ya kiti.

Radhiya aliinuka. Akatembea hadi kwenye meza ya kadhi, karibu kuliko inavyoruhusiwa, karani akataka kumzuia, kadhi akamwashiria amwache. Kadhi aliinama, akatega sikio.

"Hakuna," alisema Radhiya. Ilitoka kama mkwaruzo. Akameza mate, akaanza tena. "Hakuna habari. Zilizokuya sikuziamini. Nilizitaka tu. Mwanangu ilimchukua bahari siku ileile."

Kadhi aliyarudia maneno hayo kwa sauti ili yaandikwe, moja moja, akimtazama kila mara kuhakikisha, naye kila mara akainamisha kichwa. Alipomaliza alisema, "Inna lillahi wa inna ilaihi rajiun," na chumba kizima kikaitikia. Hayat alijifunika uso kwa mtandio. Kwa mara ya kwanza akawa mjane, na alilia kama mtu aliyefiwa asubuhi ile.

Eda hukaliwa katika nyumba ya mume, kwa hiyo walirudi Wiyoni wote wawili. Radhiya alifagia chumba cha ndani, akageuza kitanda mbali na dirisha, akatoa manukato na wanja akavifungia sandukuni. Miezi minne na siku kumi Hayat atakuwa mle ndani, atalishwa kwa mkono wa Radhiya, na siku ya mwisho itakuja boti kutoka Faza. Wote wawili walilijua hilo na hakuna aliyelitaja.

Jioni msikitini walimsomea Fadhil hitima. Nyumbani walikuja wanawake, wakavua viatu, wakajipanga mkekani. Jirani wa kwanza alimshika Radhiya mkono akampa pole ya msiba, "Makiwa." Alikuwa ameketi upande wa kushoto, na Radhiya hakusikia. Yule jirani akadhani bado anaukataa msiba, akatazamana na wenzake, akanyamaza. Ni Hayat aliyemgusa bega na kumwonyesha.

Radhiya aligeuka, akaleta sikio la kulia.

"Makiwa, Bi Radhiya."

"Tunayo," alisema, kama aliyefiwa ajibuvyo, kwa ile sauti yake iliyokwaruzika, ambayo haikupata kurudi kama ilivyokuwa. Akawasogezea wageni mkeka mwingine, maana walikuwa bado wanaingia.